Kozi, mradi wa mwaka wa mwisho, timu ya kudumu au klabu: ipi ibebe huduma kwa jamii katika uhandisi wa mazingira?

Idara ya uhandisi wa mazingira inapokaa kikao kuamua namna ya kuingiza huduma kwa jamii katika masomo yake, mjadala huanza na krediti: ngapi, za kozi gani, na ratiba itakaaje. Suala lenye uzito zaidi huchomoza mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kufunga madaftari. Muhula ukiisha, alama zikitoka na wanafunzi wakitawanyika likizo, kamati ya maji ikipiga simu kuuliza habari za kisima chao, nani atapokea?

Mimi huanzia hapo. Njia zinazotumika vyuoni zinatofautiana kwa mengi, lakini tofauti inayoamua ni moja: chuo kinaweza kubaki kazini kwa muda gani, na kimeahidi kitu cha ukubwa gani. Ahadi ya kupima na kutoa taarifa inabebeka kwa wiki sita. Ahadi ya kujenga haibebeki kwa muhula mmoja, hata wanafunzi wawe hodari vipi.

Tuweke mpaka kwanza. Kujitolea kusafisha mto siku ya Jumamosi ni jambo jema ila si somo. Mto unatakata, mwanafunzi anarudi na matope kwenye viatu na hakuna anayemuuliza amejifunza nini. Mafunzo kwa vitendo kiwandani au kwenye mamlaka ya maji yameelemea upande wa pili: mwanafunzi anajifunza, mwenyeji anampa nafasi tu. Kujifunza kwa kuhudumia jamii kunadai pande zote mbili zipate, tena kwa uzito unaokaribiana, na mwanafunzi apewe muda wa kutafakari alichokifanya. Robert Sigmon, mmoja wa walioanzisha fikra hii Marekani mwaka 1967, alikuja kuiwekea kanuni tatu mwaka 1979: wanaohudumiwa ndio wanaoshika usukani wa huduma; wanaohudumiwa watoke wakiwa na uwezo zaidi wa kujihudumia na kuhudumia wengine; na wanaohudumu nao ni wanafunzi, wenye kauli juu ya kile wanachokwenda kujifunza. Inayovunjwa mara nyingi ni ile ya kwanza, kwa sababu muhtasari wa kozi huandikwa kabla mwenyeji hajaulizwa chochote.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuweke kisima kimoja mezani. Kina pampu ya mkono na kinahudumia kaya mia moja hivi. Watu wanasema watoto wanaharisha, maji yanabadilika rangi mvua zikinyesha, na mpini wa pampu umelegea. Kamati ya maji ipo, ina mwenyekiti na mtunza hazina, haina fundi. Kila njia ikikabidhiwa kisima hiki itafanya nini?

Wiki sita ndani ya kozi iliyopo

Hapa huandiki kozi mpya. Unachukua kozi ya ubora wa maji, au ya taka ngumu, ambayo kila mwanafunzi lazima aisome, unatoa zoezi moja au mawili ya maabara na kuweka kazi ya kweli mahali pake. Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell kilianza mwaka 2004 kuieneza njia hii katika shule yake yote ya uhandisi, shabaha ikiwa kila mwanafunzi akutane na kazi ya namna hii walau katika kozi moja kila muhula, badala ya kusubiri mradi mmoja mkubwa mwishoni. Nguvu yake ni kwamba hakuna anayebaki nje. Mwanafunzi anayefanya kibarua jioni, mwenye mtoto nyumbani, asiyemudu safari, wote wamo, kwa kuwa kazi iko ndani ya saa za kozi.

Kwenye kisima chetu watafanya mambo mawili. La kwanza ni ukaguzi wa usafi wa chanzo, kwa fomu fupi ya maswali ya ndiyo na hapana kama zile za Shirika la Afya Duniani. Kuna choo karibu na kisima, au mahali palipoinuka kukizidi? Sakafu ya zege imepasuka? Maji yanayomwagika yanatuama? Wanyama wanafika? Kazi ya nusu saa, kalamu na karatasi, na mara nyingi inaeleza tatizo kabla maabara haijafunguliwa.

La pili ni sampuli. Mdomo wa pampu unafutwa na kuunguzwa kwa moto, maji yanapampiwa nje kwanza, chupa iliyotakaswa inafunguliwa kwa sekunde chache tu na kifuniko hakiwekwi chini. Kisha sanduku la barafu, na saa inaandikwa kwenye lebo, maana sampuli inatakiwa ifike maabara ndani ya saa sita ikiwezekana, na isipite saa 24. Maabara, mililita 100 zinapitishwa kwenye utando wenye vitundu vya mikromita 0.45, utando unalazwa juu ya chakula cha bakteria, kisahani kinaachwa kwenye joto la nyuzi 44 usiku kucha. Asubuhi mwanafunzi anakifungua na kuanza kuhesabu madoa ya manjano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hautaki hata doa moja la bakteria wa kinyesi. Tuseme amehesabu 60.

Kitabu kinaishia hapo, na somo ndipo linapoanza. Aiambie kamati leo, au asubiri sampuli ya pili? Aseme nani: yeye, mhadhiri, au mhudumu wa afya anayefahamika pale? Namba 60 inabidi igeuke kuwa maneno ambayo anayechota maji atayaelewa na kuyatenda jioni hiyohiyo: chemsheni, au tieni klorini kiasi kwamba baada ya nusu saa ibaki walau miligramu 0.5 kwa lita. Na kama maji yana tope, klorini huliwa na uchafu kabla haijawafikia vijidudu, kwa hiyo chujeni kwanza. Kusema hayo bila kutia watu hofu, bila kumwaibisha mwenye choo kilicho juu ya kisima, mbele ya mwenyekiti ambaye ana miaka mingi kuliko darasa zima, ni uhandisi pia. Sijaona karatasi ya mtihani inayopima hilo.

Udhaifu wake mkubwa ni wa kalenda. Muhula mmoja huona msimu mmoja. Sampuli ya kiangazi inaweza kutoka safi kabisa, taarifa ikabandikwa, watu wakapumua, halafu masika yakasomba kinyesi hadi ndani ya kisima chuo kikiwa kimefungwa. Kwa hiyo taarifa lazima ibebe tarehe na msimu kwa herufi kubwa, na pengine sentensi inayosema wazi kwamba maji haya hayajapimwa wakati wa mvua. Udhaifu wa pili: mpini wa pampu utabaki umelegea vilevile. Hilo si kosa mradi lilisemwa siku ya kwanza.

Wapo wanaoiona njia hii kuwa ndogo mno, kana kwamba kupima si huduma. Huko Flint, Michigan, baada ya mji kubadili chanzo cha maji Aprili 2014, wakazi walilalamika kwa miezi mingi na kuambiwa maji yako salama. Mwaka 2015 timu ya Chuo Kikuu cha Virginia Tech chini ya profesa Marc Edwards, wakiwemo wanafunzi, ilituma chupa na maelekezo, wakazi wenyewe wakachota, na zaidi ya sampuli 250 zikarudi. Asilimia kumi ya nyumba zilizokuwa na hali mbaya zaidi zilianzia maikrogramu 27 za risasi (ile metali yenye sumu) kwa lita, wakati kikomo cha kuchukua hatua Marekani kilikuwa 15. Haikuwa kozi ya muhula, ila kazi yenyewe, yaani chupa, lebo, maelekezo yanayoeleweka na takwimu zilizo wazi, ni ileile ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anafundishwa. Kilichogeuza mambo ni kwamba takwimu zilikuwa mikononi mwa wakazi.

Mradi wa mwaka wa mwisho

Wanafunzi wanne au watano, mihula miwili, msimamizi mmoja, mwenyeji mmoja. Kwa kina cha kihandisi hakuna njia inayoushinda. Kisima chetu kitapata mchoro wa sakafu mpya na mfereji wa kutolea maji, hesabu ya mahali choo kihamishiwe, ulinganisho wa njia mbili tatu za kutia dawa, na makisio ya gharama. Tena mihula miwili ikipangwa vizuri inaweza kugusa kiangazi na masika, jambo ambalo njia ya kwanza haiwezi. Bodi za ithibati, zinazokagua na kutambua programu za vyuo, nazo huupenda. Nchi zilizo chini ya Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, ya kutambuana shahada za uhandisi, zinataka mhitimu aonyeshe kazi ya timu, mawasiliano, maadili na uelewa wa athari za kazi yake kwa jamii, na ni vigumu kuonyesha hayo kwa mradi wa kubuni uliotungwa ofisini.

Lakini tazama kinachobaki: faili. Na faili lina hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni kwamba mchoro wenye nembo ya chuo unafanana na kibali. Kamati ikiupata itaukabidhi kwa fundi, na fundi atamwaga zege. Mchoro wa mwanafunzi usitoke chuoni ukiwa na sura ya kazi iliyokamilika kabla mhandisi aliyesajiliwa hajaupitia na kuutia sahihi. La sivyo uandikwe kila ukurasa kwamba haukusudiwi kwa ujenzi. Nimeona idara zikilichukulia jambo hili kama karatasi za urasimu. Kama ukuta wa tangi ukipasuka, hakuna atakayekumbuka kwamba yalikuwa mazoezi.

Hatari ya pili iko kwenye alama. Wanafunzi wanajua kwamba kitu tata kinapendeza jopo. Basi kisima chenye mpini uliolegea kinapata pendekezo la pampu ya sola yenye vihisi vinavyotuma taarifa kwenye simu, wakati bushi za mpini, yaani vipande ambamo mpini huzungukia, zimelika na kinachotakiwa ni kuzibadilisha, kuziba ufa na kuchimba mfereji. Dawa yake iko kwenye mwongozo wa kusahihisha: toa alama kwa suluhisho dogo kabisa linalotosha, na alama nyingine kwa hoja inayoeleza kwa nini makubwa yameachwa. Mpe mwenyeji sehemu ya alama pia, hata asilimia kumi. Jopo likikutana, mwenyekiti wa kamati awepo na aulize swali la kwanza. Litakuwa gumu kuliko ya maprofesa.

Timu ya kudumu

Hii ndiyo njia inayojibu lile swali la simu bila kubabaika. Mradi ni wa timu, wanafunzi wanaingia na kutoka. Chuo Kikuu cha Purdue kilianzisha programu yake ya EPICS (miradi ya uhandisi katika huduma kwa jamii) mwaka 1995, chini ya Edward Coyle na Leah Jamieson: wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa nne wanakaa timu moja, mtu anaweza kuisoma kozi mihula kadhaa mfululizo, na mshirika, ambaye ni taasisi ya kijamii, anabaki na chuo kwa miaka. Mwaka 2005 programu hiyo ilipata Tuzo ya Gordon, ya ubunifu katika elimu ya uhandisi, ya Chuo cha Taifa cha Uhandisi cha Marekani, na imeigwa na vyuo vingi.

Kwa wahandisi wa mazingira mfano unaofundisha zaidi ni AguaClara ya Chuo Kikuu cha Cornell, iliyoanzishwa na Monroe Weber-Shirk mwaka 2005. Wanafunzi hubuni mitambo ya kusafisha maji inayoendeshwa na mteremko wa maji yenyewe, bila umeme, kwa ajili ya miji midogo ya Honduras. Hebu angalia walivyogawana kazi, maana siri iko humo. Wanafunzi wanafanya utafiti na usanifu maabara chuoni, muhula baada ya muhula, kila kundi likiandika lilipofikia ili linalofuata lisianze upya. Shirika la hukohuko, Agua Para el Pueblo, ndilo linalojenga na kuwafundisha waendeshaji. Mtambo ni wa jamii, na wenyeji ndio wanaouendesha. Mwanafunzi hashiki mwiko wa zege, na hakuna mtambo unaosubiri mtu afanye mtihani wake kwanza.

Kisima chetu kikiingia kwenye mpango wa aina hii kitapimwa masika na kiangazi, mwaka hata mwaka. Timu itajua kwamba rangi hutokea siku mbili baada ya mvua kubwa, si kila mvua. Mtu mmoja wa kamati atafundishwa kusoma klorini kwa kifaa cha rangi, naye atamfundisha mwingine. Mpini utatengenezwa na fundi atakayepatikana kupitia mshirika, vipuri vikijulikana vinatoka wapi. Mtandao wa maji vijijini RWSN ulikadiria mwaka 2009 kwamba zaidi ya theluthi moja ya pampu za mkono katika nchi ishirini za Afrika zilikuwa hazifanyi kazi, na sehemu kubwa ya sababu ndiyo hiyo: vipuri, fundi, na fedha za matengenezo, mambo yasiyoonekana kwenye mchoro.

Bei yake ni mtu. Timu ya kudumu inahitaji mratibu ambaye haondoki muhula ukiisha, anayejua majina ya wanakamati, anayeshika simu mwezi wa likizo. Vyuo vingi humpa kazi hiyo mhadhiri mmoja mwenye moyo, juu ya mzigo wake wa kawaida, halafu kamati ya kupandisha vyeo inahesabu makala alizochapisha na kuyaacha hayo mengine yote. Akihama, programu inakufa naye. Kama chuo hakiko tayari kuandika nafasi hiyo kwenye bajeti, ni heri kisianze, kwa sababu ahadi ya miaka ikivunjika inaumiza kuliko ahadi ya wiki sita iliyotimizwa.

Kuna bei nyingine isiyosemwa sana: maarifa yanavuja kwenye makabidhiano. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini sampuli ya Machi ilitupwa anahitimu, na anayemfuata anaikuta kwenye jedwali bila maelezo. Timu nzuri hutenga wiki nzima ya mwisho wa muhula kwa makabidhiano tu, na kuyapa alama.

Klabu na safari

Bernard Amadei, profesa wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, alialikwa San Pablo nchini Belize mwaka 2000, akarudi na wanafunzi kujenga mfumo wa maji, na mwaka 2002 akaanzisha tawi la Marekani la Wahandisi Wasio na Mipaka. Matawi ya vyuo yakaenea haraka. Hii ni njia ya hiari, nje ya krediti, na ndiyo inayotoa picha nzuri: wanafunzi wenye kofia ngumu, bomba linatoa maji, watoto wanacheka.

Picha hizo ndizo zinazonitia wasiwasi, ila haki itendeke. Shirika lenyewe limejifunza, na masharti yake sasa ni makali kuliko ya kozi nyingi: programu na jamii moja huchukua walau miaka mitano, na mhandisi mwenye sifa lazima awajibike kwa kazi. Klabu inayofuata masharti hayo imekuwa timu ya kudumu bila krediti. Klabu isiyoyafuata, inayokwenda mbali wiki mbili wakati wa likizo na kuacha tangi, inaacha kitu ambacho hakuna aliyeomba kukitunza. Kisima chetu kingepata rangi mpya na kibao chenye majina.

Kwa upande wa elimu, klabu huwapata walioamua kuja, na aghalabu ni wale wenye muda na nauli. Hao wanajifunza mengi sana, pengine kuliko wote waliotajwa hapa. Ila idara haiwezi kusema wahitimu wake wote wameguswa.

Saa za lazima kwa kila mtu

Hii nitaipitia haraka, kwa sababu kwa kawaida uamuzi wake hauko mikononi mwa idara. Mexico humtaka mwanafunzi wa chuo kikuu atimize saa 480 za huduma kwa jamii kabla ya kupata shahada. Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 2005 kina moduli ya lazima kwa wanafunzi wote wa uhandisi, yenye saa 40 za kazi ya mtaani. Uzuri wake ni upana. Upungufu ni kwamba saa hizo zinaweza kuisha mtu akipaka rangi madarasa au kufundisha hesabu, kazi nzuri isiyogusa tope, klorini wala taka. Kama chuo chako tayari kina sharti la aina hii, usijenge kitu pembeni yake. Omba saa hizo zitumike kwenye kazi ya idara, utakuwa umepata nguvukazi bila kuandika kozi.

Zinapogongana

Kwa mzigo wa mhadhiri, njia ya wiki sita ina uongo wake. Inaonekana nyepesi kwa kuwa iko ndani ya kozi, lakini darasa la wanafunzi 80 likigawanywa makundi 16 linahitaji vyanzo vya maji kadhaa, usafiri wa zamu, na vyakula vya bakteria vya kutosha. Anza na kundi la kaya au vyanzo vilivyo umbali wa saa moja kutoka maabara. Zile saa sita za sampuli ndizo zinazochora ramani yako, si ukarimu wako.

Kwa alama, njia zote ziko sawa kwenye kanuni moja: hutoi alama kwa saa za huduma, unatoa kwa kilichojifunzwa na kuonyeshwa. Insha ya tafakuri isiyo na swali kali hurudi na sentensi za kushukuru. Uliza badala yake: ni takwimu gani ulikuwa nayo ambayo hukuisema, na kwa nini? Ni dhana gani ya darasani ilishindwa kufanya kazi uwandani? Ni nani hakuwepo kikaoni ambaye maji yanamhusu zaidi? Swali la tatu huwa na jibu lilelile, wanaochota, na wanafunzi huligundua wenyewe.

Kwa ruhusa na maadili, njia zinaachana. Ukipima maji ya kisima cha umma, makubaliano ya maandishi na kamati na taarifa kwa mamlaka husika mara nyingi yanatosha. Ukiingia majumbani kuuliza nani ameharisha, hiyo ni takwimu ya afya. Kamati ya maadili ya utafiti inaweza kuchukua wiki kadhaa, na muhula wa wiki 15 hauna wiki za kupoteza. Kwenye kozi, acha maswali ya kuharisha. Timu ya kudumu inaweza kuomba kibali mara moja na kukihuisha.

Na kwa mwenyeji? Njia ya wiki sita inamchosha kidogo kila mara, ila ikirudiwa na kila kundi jipya, kwa fomu ileile na maswali yaleyale, inakuwa kero kubwa. Watu huanza kujibu wanachodhani mwanafunzi anataka kusikia. Kabla ya kupeleka kundi la pili mahali, hakikisha matokeo ya kundi la kwanza yamerudi pale kwa lugha yao, kwenye karatasi moja, ukutani, na tarehe yake. Kama hayajarudi, usipeleke.

Basi idara yako ichague nini

Kama hujawahi kufanya hivi, chukua wiki sita ndani ya kozi ya ubora wa maji, ahidi kupima na kueleza, usiahidi kingine. Fanya hivyo na mwenyeji mmoja kwa miaka miwili, ukibadilisha muhula ili upate misimu yote. Baada ya hapo utakuwa na takwimu zenye maana, na muhimu kuliko hizo, utakuwa unajua kama mwenyeji anakutaka.

Kama una mwenyeji wa namna hiyo na takwimu za misimu miwili, ndipo mradi wa mwaka wa mwisho unafaa, kwa sababu wanafunzi wataanza na tatizo lililothibitishwa badala ya kutumia nusu ya mwaka kulitafuta. Nimeuweka wa pili kwa makusudi, ingawa idara nyingi huanza nao.

Timu ya kudumu ni ya chuo kilichoandika nafasi ya mratibu na kilichopata mshirika wa kujenga anayeishi hukohuko. Kikikosekana kimoja, subiri. Klabu iwepo kama wanafunzi wanaitaka, kwa masharti ya miaka mitano na mhandisi anayewajibika. Idara isiitegemee kutimiza ithibati.

Na ikitokea wiki ya tatu imefika, makubaliano hayajasainiwa na kamati haijakutana, usilazimishe. Chuo chenyewe ni jamii, na kina mwenyeji anayeshika simu mwaka mzima: msimamizi wa majengo. Kusanya taka za bweni moja kwa siku saba mfululizo, pima kwa mizani kila jioni, tenga zinazooza, plastiki, karatasi na mabaki. Zinazooza zikichanganywa na majani makavu hadi kaboni ifike kati ya 25 na 30 kwa kila naitrojeni moja, mboji itapata joto na kuoza vizuri; ikipungua hapo, bweni zima litanuka amonia na msimamizi atakuwa wa kwanza kukupigia.